SOMO LA LEO: Kipandikizi cha sikioni kinaongeza kilo. Je, kinaongeza na faida?

Somo la leo ni refu kidogo, chukua chai kabisa ukae. Linawahusu zaidi wenye bucha, wanaonenepesha ng'ombe, na wote wenye mpango wa kuingiza mtaji kwenye mifugo. Lakini hata wewe wa duka la nguo au genge la mboga soma mpaka mwisho, kuna hesabu yako humu ndani.

Nianze na kilichonikuta. Mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alisimama pale bucha akaniuliza, "Mwanangu, nyama hii haina dawa za kunenepesha?" Nikamjibu chapchap, "Haina mama, ondoa shaka." Akachukua kilo yake akaenda zake. Usiku nikabaki najiuliza, nimejuaje kama haina? Nilijibu kama mtu anayejua, kumbe sijui kitu.

Wiki hiyohiyo jamaa yangu, tuliyekuwa tunapanga naye kununua maksai tuwanenepeshe, akanitumia picha ya vidonge vidogo kwenye mfuko usio na lebo. Akasema, "Kaka, hivi ndivyo wanavyotumia Wamarekani. Unachoma popote chini ya ngozi, ng'ombe anafumuka. Toa hela tuanze." Na hela yenyewe ni akiba yangu ya miaka mitatu, shilingi juu ya shilingi.

Mimi nimeishia kidato cha nne, si daktari wa mifugo. Nilichofanya ni kumwambia anisubiri, nikaanza kusoma usiku baada ya kufunga. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. KIPANDIKIZI NI NINI?

Dada zetu wanakijua kijiti cha uzazi wa mpango, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono, kinatoa homoni kidogo kidogo kwa miaka. Cha ng'ombe ni wazo hilohilo. Ni vidonge vidogo sana vinavyosukumwa kwa sindano maalumu chini ya ngozi, upande wa nyuma wa sikio. Vinayeyuka taratibu na kuachia homoni kwenye damu. Vingi vinafanya kazi kama siku 70 mpaka 120. Vingine vimepakwa utando ili vichelewe kuyeyuka, vinafika siku 200 hivi.

Homoni zenyewe ni za aina mbili. Kuna zinazofanana na zile za mwilini: estradioli, projesteroni na testosteroni. Na kuna za kutengeneza: zeranoli na trenboloni asetati. Ya tatu ya kutengeneza inaitwa melengestroli, lakini hiyo mitamba hupewa kwenye chakula, haipandikizwi.

Estradioli inausukuma mwili utoe zaidi homoni za ukuaji. Trenboloni inapunguza kasi ya mwili kuvunja misuli yake wenyewe. Zikikaa pamoja, chakula anachokula ng'ombe kinaelekea zaidi kwenye nyama na kidogo kwenye mafuta. Hiyo sentensi ya mwisho ikariri. Somo lote limelala hapo.

2. ZIMETOKA WAPI?

Marekani walianza miaka ya 1950. Mwaka 1954 iliruhusiwa homoni ya kutengeneza inayoitwa DES, ikichanganywa kwenye chakula cha ng'ombe. Wafugaji waliipenda, maana ilikuwa rahisi na kilo zilionekana kwa macho. Tatizo ni kwamba DES hiyohiyo walikuwa wanapewa na wajawazito kama dawa. Mwaka 1971 madaktari wakagundua kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa na akina mama hao walipata saratani ya nadra sana. Mwaka 1979 matumizi yake kwa ng'ombe yakapigwa marufuku moja kwa moja.

Vipandikizi vya leo si DES. Trenboloni iliruhusiwa Marekani mwaka 1987, na miaka michache baadaye vikaja vyenye trenboloni na estradioli pamoja. Sasa hivi kwenye mazizi makubwa ya kunenepeshea ya Nebraska, Kansas na Texas, zaidi ya ng'ombe 9 katika 10 wanawekewa. Kwa hiyo jamaa yangu hakudanganya kusema Wamarekani wanatumia. Ila hakusema wanatumia vipi.

Na jambo moja wengi hatulijui: Marekani hairuhusu homoni hizi za kukuzia kwa kuku wala nguruwe. Yule anayekwambia kuku wa kisasa wanakua haraka kwa sababu ya homoni, mwambie ni mbegu na chakula.

3. KILO ZINAONGEZEKA KWELI?

Ndiyo, zinaongezeka. Ng'ombe mwenye kipandikizi anaongeza uzito kwa siku kwa asilimia 10 mpaka 20 zaidi ya mwenzake, na kila kilo anayoongeza inatumia chakula pungufu. Kipandikizi chenyewe kinauzwa dola chache tu. Ndiyo maana mfugaji wa kule ukimwambia aache, atakuuliza hasara yake utamlipa wewe?

4. NYAMA INAPOTEZA NINI?

Hapa ndipo sisi wa bucha tunapotakiwa kutega sikio.

Kwanza, mafuta ya ndani. Siongelei mafuta ya juu unayoyakata na kuyatupa. Naongelea yale meupe membamba yaliyopenya katikati ya nyama kama nyuzi. Hayo ndiyo yanafanya steki iwe na utamu na majimaji. Kipandikizi, hasa chenye nguvu, kinayapunguza, maana chakula kimeenda kwenye misuli. Marekani nyama inapangwa madaraja kwa kuangalia hayohayo mafuta ya ndani. La juu kabisa ni Prime, linafuata Choice, kisha Select. Ng'ombe akishuka kutoka Choice kwenda Select, bei ya kila kilo yake inashuka.

Pili, ulaini. Vipimo vya mashine ya kukatia nyama vinaonyesha steki ya ng'ombe mwenye kipandikizi inakuwa ngumu kidogo, hasa akiwekewa vikali mara nyingi. Si ngumu kama kiatu, ila mlaji mzoefu anaweza kuigundua. Nyama ikitunzwa kwenye ubaridi siku 14 au zaidi kabla ya kuuzwa, tofauti hiyo inapungua sana.

Tatu, rangi. Ng'ombe aliyewekewa vikali kupita kiasi, na hasa akisumbuliwa njiani kwenda machinjioni, anaweza kutoa nyama nyeusi nyeusi inayonata. Mteja akiiona anadhani imelala. Wewe unajua ni ya leo asubuhi, lakini nani atakuamini?

Nne, mifupa. Estradioli inakomaza mifupa mapema, kwa hiyo mkaguzi anaweza kumwona ng'ombe mkubwa kuliko umri wake, daraja likaathirika.

Kilicho kizuri ni kwamba steki ya mgongoni inakuwa pana zaidi na nyama nyekundu inaongezeka. Kama soko lako ni la nyama ya kusaga, umeshinda. Kama ni la steki za hoteli, jiangalie.

5. TUPIGE HESABU

Bei hizi nimeziweka mwenyewe kwa mfano tu, usiende nazo sokoni.

Maksai anaingia zizini na kilo 340, anakaa siku 180.

Bila kipandikizi: anaongeza kilo 1.4 kwa siku. Anatoka na kilo 592. Akichinjwa, nyama inayoning'inia ni asilimia 63, yaani kilo 373.

Akiwa na kipandikizi: tuseme ameongeza kasi kwa asilimia 15, yaani kilo 1.61 kwa siku. Anatoka na kilo 630. Nyama ni kilo 397.

Tofauti ni kilo 24 za nyama. Kilo ikiwa dola 6, hiyo ni dola 144 mkononi. Toa chakula alichozidisha, nusu kilo kwa siku kwa siku 180 ni kilo 90. Kwa senti 25 kilo, ni dola 22 na nusu. Toa kipandikizi, dola 4. Unabaki na dola 117 na nusu kwa kila maksai. Tamu, si ndiyo?

Sasa tuseme maksai huyo ameshuka daraja, na kila kilo imepungua senti 30. Kumbuka punguzo hilo halili zile kilo 24 peke yake, linakula kilo zote 397. Hiyo ni dola 119. Ile faida ya 117 na nusu imekwenda yote, na umeongeza hasara ya dola 1 na nusu juu. Umelisha miezi sita, umechoma sindano, umesafirisha mnyama mzito zaidi, halafu ukapata pungufu kuliko jirani yako ambaye hakufanya chochote.

Lakini tuwe wakweli, hawashuki wote. Kati ya maksai 100 wakishuka 20, unatoa dola 2,380 kwenye faida ya dola 11,750, bado unabaki na dola 9,370. Ndiyo maana wanaendelea kutumia. Wakishuka 60, unabaki na dola 4,610. Kwa hiyo swali la mfugaji mwenye akili halikuwa kama kipandikizi kinafanya kazi. Swali lake ni wangapi watashuka, na anawapunguzaje.

6. WANAOJUA WANAFANYAJE?

*Wanaanza na mnunuzi, wanarudi nyuma.* Kabla ya kuchoma chochote wanauliza: ng'ombe huyu nauza kwa uzito au kwa daraja? Wa uzito anawekewa cha nguvu. Wa daraja anawekewa cha wastani, au hawekewi kabisa. Kisha wanahesabu siku kuanzia siku ya kuchinja kurudi nyuma, ili kipandikizi kisiishe mapema wala kisiwe bado kina moto mwishoni.

*Nguvu inafuata chakula.* Ndama na ng'ombe wa malishoni wanawekewa vyepesi. Vikali vinangoja mpaka mnyama awe zizini anakula mahindi ya kutosha. Wengine wanasubiri mwezi mzima baada ya kumwingiza zizini, azoee chakula kwanza. Ukimwekea kikali ng'ombe mwenye njaa, umewasha injini isiyo na mafuta. Nyama haiongezeki, na yale mafuta ya ndani ndiyo hayaji tena.

*Wanaangalia mbegu.* Angus anaweka mafuta ya ndani kirahisi, anavumilia. Charolais na Limousin ni wakubwa na wakavu kwa asili, hao ukiwazidishia nguvu daraja linaondoka. Na mtamba wa kubaki kuzaa hawamchezei, huyo ni mtaji wa kesho.

*Wanavumilia.* Ng'ombe mwenye kipandikizi anachelewa kunona. Ili afikie unono uleule wa mwenzake, anahitaji kuchinjwa akiwa na kilo 25 mpaka 45 zaidi. Ukimchinja kwa uzito wa zamani, umemchinja mbichi. Wengi wanaolalamika nyama imekuwa kavu walikosea hapa.

*Hawarudii ovyo.* Kuanzia Julai 1, 2023, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imesisitiza kwamba katika hatua moja ya ukuaji huruhusiwi kuweka kipandikizi juu ya kipandikizi, isipokuwa lebo yenyewe iseme inaruhusu. Yaani huko kwenyewe lebo ndiyo sheria. Nikaikumbuka ile picha ya mfuko wa jamaa yangu. Hauna hata lebo.

*Usafi na mahali.* Sikio linasafishwa, sindano inasafishwa, vidonge havipondwi. Jipu likitokea, dawa inatoka na usaha na hela imemwagika. Na ni sikioni tu, si popote. Kwa nini sikio? Kwa sababu kule machinjioni sikio linatupwa, na mabaki ya kidonge yanatupwa nalo. Hapo nilinyamaza kidogo. Huku kwetu kichwa cha ng'ombe hakitupwi, kinauzwa, watu wanakunywa supu. Na jamaa yangu alisema tuchome popote! Angechoma shingoni, kidonge kingeishia kwenye sufuria ya yule mama aliyeniita mwanangu.

7. SOKO NALO LINA MANENO YAKE

Tuseme umefanya yote sawa, nyama imepata daraja. Bado kuna mtu mmoja hujamuuliza: mnunuzi wa mwisho.

Ulaya walikataa. Mwaka 1980 Italia ilitikisika baada ya DES kukutwa kwenye chakula cha watoto chenye nyama ya ndama, na watu wakagoma kununua nyama hiyo. Kuanzia Januari 1, 1989, nyama ya ng'ombe waliokuzwa kwa homoni ikazuiwa kuingia soko la Jumuiya ya Ulaya. Marekani ikalipiza kwa ushuru wa asilimia 100 kwenye bidhaa za Ulaya. Kesi ikafika Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 1998 ikaamuliwa kwamba Ulaya hawakupima hatari ipasavyo kabla ya kuzuia. Mwaka 1999 Marekani ikaruhusiwa kulipiza kwa ushuru kwenye bidhaa za dola milioni 116.8 kwa mwaka.

Umeona? Marekani ilishinda kesi. Lakini je, nyama iliingia? Haikuingia. Mwaka 2009 walikubaliana Ulaya wanunue nyama bora ya ng'ombe wasiowekewa homoni, na mwaka 2019 Marekani ikaahidiwa fungu lake lifike tani 35,000 ndani ya miaka saba. Leo Wizara ya Kilimo ya Marekani ina mpango wa kuthibitisha ng'ombe wasio na homoni tangu wazaliwe, kwa ajili ya wanunuzi hao. Mahakama inaweza kukupa haki, haiwezi kukupa mteja.

8. JE, NI SALAMA? NIMJIBU NINI MAMA?

Hapa nitakuwekea pande zote mbili, maana ukimjibu mteja upande mmoja umemdanganya nusu.

Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO iliangalia homoni hizi mwaka 1988 na tena mwaka 1999 kwa zile za asili, ikasema zikitumika kwa utaratibu mzuri mabaki yake kwenye nyama hayana hatari kwa mlaji. Takwimu inayotajwa sana ni hii: kipande cha nyama cha gramu 85 kutoka kwa ng'ombe mwenye kipandikizi kina estrojeni takriban nanogramu 1.9, na cha asiye nacho 1.3. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara bilioni. Mwili wa mtu mzima unajitengenezea nyingi kuliko hizo kwa mbali sana.

Wanasayansi walioishauri Ulaya mwaka 1999 walisema haiwezekani kuweka kiwango cha kusema "hapa ni salama", hasa kwa estradioli, na wakawataja watoto kama wa kuhofiwa zaidi.

Pande hizo mbili zinabishana kuhusu dawa yenye lebo, kipimo na mahali pa kuchoma. Mfuko usio na lebo haumo kwenye mjadala huo kabisa. Hakuna mwanasayansi wa Marekani wala wa Ulaya atakayekutetea.

9. NIMEAMUA NINI?

Jamaa yangu nimemwambia hapana kwa vile vidonge. Tulinuniana siku tatu. Baadaye tukakaa, tukakubali tuanze na maksai wanne tu, pumba, mashudu ya pamba na molasi, na tuwapime uzito kila wiki mbili kwa mizani, si kwa macho. Kilo zitakuja polepole, lakini najua zimetoka wapi.

Na yule mama alivyorudi nikamwambia ukweli. "Mama, siku ile nilikujibu bila kujua. Sasa hivi ng'ombe ninaowachinja nawauliza wauzaji wamelishwa nini, na nisipopata jibu sinunui." Akaniangalia, akasema, "Basi nipimie mbili leo."

Sasa chukua hii uende nayo, hata kama huuzi nyama. Kila njia ya mkato inayoongeza kilo, lita au idadi ya mzigo ina kitu inachopunguza mahali pengine. Kabla hujatoa hela, jiulize matatu: Mnunuzi wangu analipia uzito au ubora? Nikishuka daraja, punguzo linakula ile nyongeza tu au mzigo wote? Na mteja akiniuliza usoni, nina jibu ninaloliamini mwenyewe?

Ukikosa jibu la hata moja, funga pochi kwanza.

Wenye uzoefu wa kunenepesha kwa mashudu, njooni mtufundishe: mnaanza na kilo ngapi kwa siku kwa maksai mmoja? Na wewe wa bucha, mteja wako anaangalia nini kwanza, rangi au mafuta? Mtumie somo hili mwenzako mmoja mwenye mpango wa kununua "dawa ya kufumua". Huenda ukamwokolea mtaji.

Kazi njema wadau.